Fungu la Mjomba

Kazini wananiita Mjomba. Si mjomba wa yeyote pale. Jina lilinijia pamoja na mvi, likanikaa, nami nikalipokea kwa mikono miwili kwa sababu mjomba hapigiwi kelele. Mjomba huulizwa.

Kampuni yetu inasafirisha jumbe. Maabara ikimaliza kupima damu, daktari akibadili siku, mgonjwa akitakiwa aje na tumbo tupu, maneno yote hayo hupita kwetu kabla ya kufika kwenye simu ya mtu. Yanaingia kwenye foleni, na foleni inayagawa kwa mashine tatu zilizo kwenye chumba cha baridi nyuma ya ofisi, ambazo ndizo zinazoyapanga na kuyatuma. Mbili ni mpya, nyembamba, nyeusi, zina nguvu za kufuru. Ya tatu niliifunga mimi, enzi ambazo ofisi nzima ilikuwa mimi, meza moja na feni. Hiyo niliipa jina la Bi Mkubwa. Zile mpya zilipoletwa, wenzangu wakaziita Bi Wadogo, na utani ukawa umekamilika.

Mgao nao niliupanga mimi. Moja kwako, moja kwako, moja kwako, halafu tunarudi mwanzo. Hakuna upendeleo, hakuna manung'uniko. Bi Wadogo walipokuja niliwaingiza kwenye duara lilelile, nikaenda zangu kunywa chai.

Shida ya duara ni kwamba halimtazami mtu usoni. Bi Wadogo walikuwa wanamaliza fungu lao na kukaa bure, huku nyuma ya Bi Mkubwa kumejaa, na mgawaji hana habari; zamu ya Bi Mkubwa ikifika anamtupia nyingine juu ya zilizopo. Asubuhi haikuwa neno. Lakini jioni, zahanati zote zinapotuma taarifa za kesho kwa mkupuo, theluthi ya jumbe ilikuwa inasubiri nyuma ya mashine moja iliyochoka, na mbili jirani zake zimekaa zinapunga upepo.

Aliyeliona hilo ni Bosi. Huyu Bosi alikuja kwetu akiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na mikononi mwangu ndimo alimolelewa. Nilimfundisha kufunga nyaya zisijinyonge, nilimfundisha kusikiliza feni na kujua mashine ipi inaumwa, na zaidi ya yote nilimfundisha neno moja ambalo nililirudia hadi wenzangu wakawa wananiimbia wakiniona mlangoni: usiseme umepokea kabla hujamaliza. Maana mashine ikishasema imepokea, foleni inaufuta ule ujumbe na kuusahau. Kama mashine haijaumaliza, ujumbe umekufa na hakuna wa kuulizwa. Miaka ikaenda, binti akanipita cheo. Sikuona vibaya. Niseme kweli, niliona vibaya kidogo, lakini siku ya kumpongeza nilivaa suti.

"Tuwape mafungu kwa kadiri ya nguvu zao," alisema Bosi kwenye kikao, sisi mafundi wanne tumeizunguka meza. "Bi Wadogo manne manne, Bi Mkubwa moja. Foleni itatulia leo leo."

Nikasimama. Mtu akiniona angedhani ninatetea shamba la urithi.

"Yaani ametutumikia miaka yote hiyo," nilisema, "leo wameingia wageni, yeye anapewa kijiko na wenzake wanakula kwa sahani? Mpeni sawa na wenzake. Mgao sawa ndiyo haki. Ukimpunguzia mtu kazi, umeshamwambia afungashe virago."

Walicheka wote. Bosi peke yake hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akachezea kifuniko cha kalamu yake.

"Basi, Mjomba," alisema. "Tuache kwanza. Tutaangalia."

Nikakaa chini nimeshinda, na mchana ule nilikula kwa raha.

Lakini sikuwa natetea mashine, na hilo nilikuwa nalijua hata wakati nikiwachekesha. Macho yangu yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwanza taa za usiku zikaota manyoya, kisha herufi zikaanza kukumbatiana, mwishowe ukurasa mzima wa skrini ukawa kama dirisha la jikoni wakati sufuria inachemka. Mke wangu aliligundua siku niliyomimina chai pembeni ya kikombe.

"Watu macho yao hayana pazia," alisema huku anafuta meza. "Yako wewe yameshashushiwa. Huyo ni mtoto wa jicho. Nenda ukatazamwe."

"Nina watoto wanne," nilimjibu. "Simhitaji wa tano."

Hakucheka. "Mficha maradhi," alisema, akaniachia methali niimalizie mwenyewe.

Sikwenda. Niliogopa cheti cha daktari, kwamba kitafika ofisini kabla yangu. Mtu asiyeona skrini, kwenye kazi ambayo yote ni skrini, ni wa nini? Nilishawaona wazee wengine wakipewa mkono wa kwaheri na keki, na kila mara mimi ndiye niliyekata keki.

Sasa, kazi za mafundi nazo hugawiwa na mfumo. Mteja akilalamika, lalamiko lake linaingia kwenye foleni na kumwangukia mmoja wetu. Chini yake kuna kitufe kimeandikwa "Nimepokea". Ukikaa bila kukibonyeza hadi muda uishe, lalamiko linahamia kwa mwenzako, na jina lako linawekewa alama nyekundu ambayo kila mtu anaiona. Ukikibonyeza, saa inasimama. Ni lako, na hakuna mwingine atakayeligusa.

Nikawa nabonyeza. Lalamiko likija nabonyeza kwanza, bila kusoma hata salamu. Kisha wenzangu wakitoka kwenda kula, nakuza herufi hadi neno moja linajaza skrini nzima, nasoma silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi, mwenye ule wimbo wangu. Nilikuwa najionea haya hata nikiwa peke yangu chumbani, na bado kesho yake nilibonyeza.

Mojawapo ya malalamiko hayo lilitoka kwa muuguzi wa kliniki ya kisukari. Nililisoma nusu. Alisema jumbe zao za jioni zinawafikia baadhi ya wagonjwa kwa kuchelewa, nyingine kesho yake kabisa. Sikuhitaji nusu ya pili kujua ni mashine gani inayozichelewesha. Na kumjibu maana yake ilikuwa niende kwa Bosi, nimwambie ulisema kweli, mimi ndiye niliyekosea, mpunguzie Bi Mkubwa. Nikaona hilo nitalifanya kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na muuguzi wa watu akakaa kwa amani kule kwake, akiamini kuna fundi ameshika kazi yake, kwa sababu mfumo ulikuwa umemwandikia kwamba imepokewa.

Kisha asubuhi moja akaja mwenyewe. Alikuwa na sweta juu ya sare, na viatu vyeupe vimeingia vumbi. Ofisi yetu haina kuta za maana. Kila lisemwalo mapokezi husikika hadi kwenye kona ya mashine ya kuchapa. Bosi alimfuata akampa kiti. Hakukaa.

"Sikuja kugombana, dada," alisema muuguzi. "Nataka tu kumjua aliyeipokea barua yangu ya malalamiko."

Akaeleza. Kifaa chao cha kupimia kiliharibika. Jioni wakawatumia wagonjwa wote ujumbe: kesho msije, kuleni kama kawaida, mezeni dawa kama kawaida. Wengi waliupata palepale. Bibi mmoja anayeishi peke yake aliupata kesho yake, jua limeshapanda. Wakati huo alikuwa ameshatoka kwake alfajiri bila kutia kitu mdomoni, kama alivyoagizwa mwanzo, akakaa kwenye benchi la kliniki akingoja jina lake liitwe, sukari ikamshuka, akadondoka. Alivunjika kiwiko, na bado amelazwa.

"Tungechelewa kidogo tungempoteza," alisema muuguzi. "Mnajua alipozinduka aliniambia nini? Aliniomba radhi. Eti amesumbua watu, amekosea siku. Bibi wa watu, mkono umening'inia, ananiomba radhi mimi."

Bosi alirudi mezani kwake, akafungua skrini kutafuta lile lalamiko. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kwa macho yangu yale nisingeweza kusoma kitu, lakini sikuwa na haja ya kusoma. Jina langu lilikuwa pale, pembeni ya lile neno "Nimepokea". Nikaona mgongo wake ukikakamaa. Alikaa hivyo kwa muda, kama mtu anayesubiri kitu. Kisha akafunga skrini na kusimama.

"Ni mimi, sista," alisema. "Kazi humu ndani nazigawa mimi. Nilizigawa vibaya, ya kwako ikapotea. Naomba unisamehe."

"Wewe?"

"Mimi."

Muuguzi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Basi mkubwa wako lazima anisikie," alisema, na akaomba namba ya Mkurugenzi.

Ukubwa jalala, ndivyo wanavyosema. Kila taka hutupwa kwa mkubwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale naiona taka yangu mwenyewe inamwagikia kichwa cha mwanangu, maana nilizoea kumwita hivyo, na mdomo wangu umejaa mate na maneno. Nikavimeza vyote viwili. Nikaangalia vigae vya sakafu. Kimoja kilikuwa na ufa, nikakiangalia hicho hadi viatu vyeupe vilipotoka.

Nilikimbilia kwenye kijichumba cha chai. Kidevu alikuwa amenitangulia. Huyu ni fundi mwenzangu, kijana anayezichana ndevu kuliko anavyochana nywele, na ndiye aliyecheka kuliko wote siku ya kijiko na sahani. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Umeyaona?" aliniuliza.

Ningenyamaza ingekuwa heri. Lakini mwenye hatia ana mdomo.

"Kazi zimezidi," nilimwambia. "Mtu yeyote angepitiwa. Tuko wanne, kila mtu anapata sawa na mwenzake, sawa, lakini zenyewe zimezidi."

Kijiko kikasimama. "Sawa na nani?"

"Sawa na ninyi."

"Mjomba." Alichungulia mlangoni, akashusha sauti. "Sisi watatu tunapata matatu matatu. Wewe unapata moja."

"Moja nini?"

"Lalamiko moja. Mimi matatu, yule matatu, yule matatu, wewe moja, ndiyo duara linarudi. Tangu mwaka jana."

"Nani kakwambia?"

"Bosi alitukalisha ulipokuwa likizo. Alituomba. Alisema Mjomba amechoka, tumbebee, na asijue, atajisikia vibaya." Alisukuma kikombe pembeni. "Na tumebeba. Sijanuna hata siku moja, muulize yeyote. Lakini usisimame hapo ukaniambia tunapata sawa."

Masikio yangu yaliwaka moto. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi wangu ndio uliokuwa kanda la usufi kweli, usufi mtupu, na ulikuwa umenilemea hadi chini. Miezi yote ile, katika kujionea haya kwangu, nilikuwa nimebakiza kipande kimoja cha fahari: kwamba naelemewa, ndiyo, lakini naelemewa na mzigo kamili, sawa na vijana. Nilikikumbatia kipande hicho usiku nisipopata usingizi. Kumbe nacho nilikuwa nimeazimwa tu.

Na siku ile ya kikao, niliposimama kuwahubiria kwamba ukimpunguzia mtu kazi umeshamwambia afungashe, wote walikuwa wanajua. Walicheka wakijua. Nilielewa sasa lile jicho alilonitazama nalo Bosi, na nikatamani sakafu ipasuke.

"Mkurugenzi anakuja alasiri," alisema Kidevu kwa upole. "Wanasema anamvua cheo."

Hapo ndipo nilipopata miguu. Sijivunii, maana miguu ile ilitakiwa asubuhi. Lakini mtu akiniuliza nilikuwa nawaza nini kuanzia saa ile, jibu ni moja tu: yule binti asipoteze cheo chake kwa kitufe nilichobonyeza mimi.

Mkurugenzi ni mtu mnene, mpole, anayeongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alipofika waliingia na Bosi kwenye chumba cha vioo. Nilimwacha akae, nikagonga, nikaingia bila kuitwa. Bosi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Hakugeuka.

"Mkurugenzi," nilisema, "ile barua ya muuguzi niliipokea mimi. Nilibonyeza, nikasoma nusu, nikaiacha. Na mashine zile, Bosi alitaka kubadili mgao, mimi ndiye niliyempinga mbele ya watu hadi akaacha. Kosa ni langu, mwanzo hadi mwisho."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ngurumo. Naweza kusema nilikuwa naitamani. Nilitaka mtu anipigie kelele, mimi ambaye nililipenda jina la Mjomba kwa sababu halipigiwi kelele.

Mkurugenzi akanivutia kiti.

"Kaa, Mjomba. Umefanya jambo la kiungwana kuja. Lakini usijitese bure, hakuna anayekulaumu."

"Nilaumuni," nilisema.

"Hapana, hapana. Hali yako tunaijua. Tulishakupunguzia." Alisema hilo kama anayenikabidhi zawadi. "Wa kuulizwa ni yule aliyeacha jambo la wagonjwa limfikie mtu ambaye..." Hapo akasita, akatafuta neno, akalikosa. "Yeye alijua," alimalizia, akimwonyesha Bosi kwa kidevu.

Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kunyimwa hata kosa lake. Mtoto akivunja sahani, anayegombezwa ni aliyemkabidhi sahani. Nilikuwa nimevunja sahani, na watu wazima walikuwa wanasemezana juu ya kichwa changu.

"Kuanzia kesho mafundi atawasimamia Kidevu," alisema Mkurugenzi, "mpaka tutakapoona vinginevyo."

"Sawa," alisema Bosi.

"Si sawa," nilisema mimi. "Nimekwambia..."

"Mjomba, ahsante." Alinishika bega, akanisindikiza hadi mlangoni, akanifungulia. Alinifungulia mlango kwa heshima zote, na ningependa kuliko yote angenisukuma.

Bosi alitoka muda si mrefu, akarudi mezani kwake kana kwamba alikuwa ameitwa kutia sahihi tu. Nilimfuata, nikavuta kiti, nikakaa pembeni yake. Alikuwa anabadili mgao wa mashine.

"Nimemaliza," alisema bila kunitazama. "Bi Mkubwa moja, wenzake manne manne. Foleni imeshuka."

"Yeye anaendeleaje?"

"Nani?"

"Bi Mkubwa."

"Feni yake imetulia." Akatazama skrini. "Zahanati zimeanza kutuma za kesho. Hakuna inayosubiri."

Kazi ya dakika chache, ambayo niliizuia kwa utani mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. "Kuhusu fungu langu."

Akaacha kibodi. "Niliona haya. Nilikuwa najiuliza nitaanzaje. Wewe ndiye uliyenifundisha, leo nije nikwambie umeshindwa? Nikaona nikupunguzie kimyakimya, kazi iende, heshima yako ibaki."

"Na leo asubuhi?"

"Leo asubuhi nilikuwa na hasira na wewe." Alisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo maana liliniingia. "Nilifungua skrini, nikaona jina lako, nikasubiri. Nilikuwa nakusikia unavyopumua nyuma yangu. Nikasema atasema. Mjomba lazima atasema. Hukusema."

Niliitikia kwa kichwa.

"Sasa sikiliza," alisema. "Kesho Kidevu ataniuliza akuwekee mafungu mangapi. Mara ya kwanza sikukuuliza, nilikisia, na umeona tulipofika. Leo nakuuliza. Unaweza mangapi?"

Kwenye meza za jirani kibodi zilikuwa zimenyamaza. Kidevu alikuwa amejifanya anatafuta kitu kwenye droo ileile tangu tulipokaa. Neno "mawili" lilinijia mdomoni likiwa limeshavaa viatu. Ningesema mawili, nikaze msuli, nije mapema, nikuze herufi, niwaonyeshe. Ningesema mawili na wote wangekubali, kwa kunionea huruma.

"Hilo moja ulilonipa," nilisema, "sijawahi kuliweza."

Akageuka.

"Siyaoni maandishi. Nayaona kama yako nyuma ya mvuke. Nabonyeza kwanza, halafu mchana mkienda kula natafuta kilichoandikwa. Kingine nakipata, kingine sikipati."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujanipunguzia."

Alinitazama machoni, moja kisha la pili, kama anavyotazama taa za mashine. Nilimwacha atazame, japo nilitaka kufunika uso.

"Mimi nilidhani ni umri," alisema taratibu.

"Mke wangu anasema ni mtoto wa jicho."

"Anasema? Hujaenda hospitali?"

"Sijaenda."

"Mtoto wa jicho huondolewa, Mjomba. Shangazi yangu aliondolewa, yuko kazini, anatunga uzi kwenye sindano." Nikaona jambo likimfikia hatua kwa hatua, kama lilivyokuwa linanifikia mimi. "Yaani yule bibi kavunjika mkono," alisema, "na mimi nimevuliwa cheo, kwa kitu kinachoondolewa."

Hakulisema kwa ukali. Ningeweza kuvumilia ukali. Niliinamisha kichwa, machozi yakanitoka mbele ya vijana wote wale, na hata hayo sikuyafuta kwa sababu kuyafuta ni kuyatangaza.

"Niwekee sifuri," nilisema. "Mpaka nitakapotoka kwa daktari."

Mashine ukiiwekea sifuri haizimiki. Inabaki pale, taa zinawaka, feni inazunguka, ila duara linaipita bila kuigusa. Nimeshazifanyia mashine nyingi hivyo, na nyingi hazikurudi kwenye duara. Bosi naye alikuwa anajua. Akafungua ukurasa wa mafundi, akanisogezea kibodi.

"Andika mwenyewe."

"Sioni pa kuandika."

"Najua." Alinishika kidole cha shahada, akakiweka juu ya kitufe cha sifuri, akaondoa mkono wake. Hakunibonyezea. Alikaa akisubiri, na safari hii sikumngojesha.

Nilisimama, nikachukua koti langu kwenye kiti.

"Unakwenda nyumbani?" aliniuliza.

"Nakwenda kwa yule bibi. Wamemlaza wapi?"

"Utamwambia nini?"

"Kwamba hakukosea siku."

Bosi alivuta karatasi, akaniandikia jina la hospitali na namba ya wodi, kwa herufi kubwa zilizojaza ukurasa mzima.